Je, Wajua? Petroli Inapochemka Kabla ya Kufika

Je, wajua kwamba injini inaweza kufa kwa kiu huku tangi limejaa? Waulize wenye GMC Motorhome, gari-nyumba lililoundwa Marekani kati ya 1973 na 1978. Nyuma kuna vitanda, jiko na choo; mbele kuna injini ya Oldsmobile ya silinda 8, ya lita 7.5 kwa magari ya miaka ya mwanzo. Yaliundwa karibu 13,000, na mengi yapo barabarani hadi leo. Yanakwenda vizuri tu, mpaka yakutane na mlima siku ya jua kali.

Wajua ugonjwa unaanzia wapi? Pampu ya asili imefungwa kwenye injini yenyewe, kwenye joto lote, na kazi yake ni kuvuta petroli kutoka matangi yaliyo nyuma chini ya sakafu. Kimiminika kikivutwa, presha yake hushuka. Presha ikishuka, huchemka mapema. Wapishi wa kambi za Kilimanjaro wanaijua hesabu hii: kule juu maji hutokota upesi lakini maharage hayaivi. Petroli ni dhaifu zaidi, maana sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kabla ya nyuzi 40 za Selsiasi. Mvuke ukijaa kwenye bomba, pampu hupiga hewa tupu. Gari linakohoa, linakata moto, dereva analisukumiza kando ya barabara. Likishapoa linawaka kana kwamba halikuugua. Hapo ndipo watu hukimbilia kununua pampu mpya ya aina ileile, na mlima ujao gari linazima tena.

Wajua tiba ya vibanio vya nguo? Madereva wa zamani wa Marekani walibana vibanio vya mbao kwenye bomba la petroli wakiamini vinafyonza joto. Mbao haipitishi joto vizuri, kwa hiyo haikufyonza lolote. Kilichoponya gari ni muda uliopita mtu akihangaika kuvibana.

Wajua petroli ya Marekani hubadilika na majira? Ya baridi huchanganywa iwe nyepesi ili injini ziwake asubuhi. Ikibaki tangini mpaka joto la ghafla la mwezi wa Aprili, huchemka haraka kuliko ya kiangazi. Ongeza ethanoli, ambayo siku hizi hufikia asilimia 10 kwenye petroli ya kawaida ya huko na huzidisha kutoa mvuke. Injini ya 1973 haikuundwa kwa mafuta hayo, wala mipira yake ya kupitisha petroli.

Dawa ya kweli ni pampu ya umeme iliyofungwa karibu na tangi. Hiyo inasukuma badala ya kuvuta, na petroli iliyo chini ya presha haichemki kirahisi. Ila lazima iwe na swichi inayoikata presha ya oili ikipotea. Vinginevyo gari likipata ajali na injini ikazima, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya chuma cha moto.

Lakini kabla ya kushika spana, wajua kwamba swichi ya kuchagua tangi ni fundi wa bure? GMC ina matangi mawili, jumla lita 190 hivi. Gari likianza kukosa nguvu, hamia tangi la pili. Likichangamka papo hapo, kabureta haina kosa na pampu haina kosa. Kagua chujio na bomba la tangi uliloliacha.

Wajua mpira wenye tundu unaweza usidondoshe hata tone? Upande wa kuvuta, ufa mdogo hauvujishi nje, unaingiza hewa ndani. Utalala chini ya gari na tochi, sakafu kavu kabisa, na injini bado inakosa mafuta.

Fungua kifuniko cha tangi pia. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu na gari likapona, njia ya kupumulia tangi imeziba. Ni ukarabati wa bei poa kuliko yote, na sijui kwa nini huwa wa mwisho kukumbukwa.

Vuta kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, huenda ngozi ya ndani ya pampu imepasuka na mafuta yanashuka kwenye oili. Usiwashe injini hiyo.

Wajua kabureta ya gari hili, aina ya Quadrajet, ina boya la povu la plastiki? Likizeeka hunywa petroli, huwa zito, na kabureta hufurika: moshi mweusi, plagi zilizolowa. Hapo injini haina njaa, imevimbiwa.

Na jenereta ikizima peke yake wakati geji inaonyesha robo tangi, usiite fundi. Magari-nyumba mengi huwekewa bomba fupi la jenereta ndani ya tangi kwa makusudi, ili kiyoyozi kisimalize mafuta ya kukurudisha nyumbani.

Kama unamiliki gari la umri huu, pinda kila mpira wa petroli kwa vidole. Ukiona nyufa, badilisha yote kuanzia tangini hadi kwenye kabureta, kwa mipira iliyotengenezwa kustahimili ethanoli, na kizima moto ukifunge karibu na mlango.