Kinanda cha mdomo kinaficha sauti tatu

Je, msomaji, nyumbani kwenu kuna kinanda cha mdomo? Hebu kitafute. Huenda kimo ndani ya droo pamoja na betri zilizokwisha na funguo ambazo hakuna ajuaye ni za mlango gani. Kama ni kile kidogo cha matundu 10, kinachotoshea mfukoni mwa shati, basi makala haya ni yako, hasa ikiwa uliwahi kukiweka kando ukisema kimeharibika.

Mara nyingi hakijaharibika. Chukua mfano wa mwanafunzi wa Kitale aliyefunga shule, akapanda matatu kupitia Kiminini na Kamukuywa kwenda Bungoma kumwona nyanya yake, au kukhu kama wasemavyo Wabukusu. Kuna matanga jirani, na jioni kukhu anamwomba apige wimbo wa kanisani ili watu waufuate. Anaanza vizuri. Mistari miwili inapita, kina mama wameshaitikia. Kisha wimbo unafika pale ambapo wanakwaya huimba "fe", ile sauti iliyo nusu hatua chini ya "so". Kijana anapuliza, hakuna. Anavuta pumzi, hakuna. Anagusa "fa" badala yake na kina mama wanatazamana. Ni aibu iliyoje mbele ya wafiwa!

Kijana huyo hakukosea tundu. Sauti aliyoitaka haikuwekwa hapo na waliounda kinanda. Kinanda hiki cha kawaida kina ndimi 20 za shaba, mbili kwa kila tundu: mmoja hulia ukipuliza, mwingine ukivuta. Katikati, kuanzia tundu la 4 hadi la 7, utapata do, re, mi, fa, so, la, ti, do, kamili kama ubaoni kwa mwalimu wa kwaya. Zile sauti za kati, kama vile "ma", "fe" na "ta", hazimo. Wajerumani waliovieneza vyombo hivi duniani, akiwemo Matthias Hohner aliyeanza kazi mjini Trossingen mwaka 1857, walikusudia nyimbo nyepesi za kijijini, na kwa nyimbo hizo sauti zilizopo zilitosha.

Watu weusi wa Marekani ndio waliogundua kwamba chombo hiki kinaweza kubembelezwa. Ukivuta pumzi huku ukirudisha ulimi wako nyuma mdomoni, sauti inajikunja na kushuka. Kwa njia hiyo muziki wa bluzi ukapata kilio chake. Lakini kukunja hakuleti "fe" wala "ta" wala "ma" za katikati. Hizo tatu zinataka ufundi mwingine, ambao wapigaji huuita ovablo.

Katika sahani moja ya mwaka 1929 aliyoipiga Mmarekani aliyejulikana kama Blues Birdhead, ovablo inasikika. Hata hivyo, aliyeifanya kuwa elimu kamili ni Howard Levy wa Chicago, mpiga piano aliyeanza kuitumia karibu na mwaka 1970 kwa kuwa hakukubali kwamba kinanda cha mdomo kiwe na sauti chache kuliko piano yake. Baadaye alipiga katika bendi ya Béla Fleck, yule mpiga banjo aliyezuru Uganda na Tanzania mwaka 2005 kupiga muziki na wenyeji.

Sasa tuingie jikoni. Shika tundu la 6. Ukipuliza ni "so", ukivuta ni "la". Katika ovablo unapuliza, lakini unautuliza ulimi wa "so" mpaka unaziba na kunyamaza. Pumzi ikikosa njia hapo, inausukuma ulimi wa pili, ule wa kuvuta, nao unalia ukiwa umefunguka kinyume na desturi yake. Hautoi "la". Unatoa sauti nusu hatua juu yake, yaani "ta". Vivyo hivyo tundu la 5 litakupa "fe", na la 4 litakupa "ma". Ajabu, sivyo? Unapuliza, na anayeitika ni ulimi wa kuvuta.

Usianze na "fe" ingawa ndiyo unayoililia. Anza na tundu la 6, kwa sababu ndilo jepesi kuliko yote. Na kabla ya hilo, hakikisha unaweza kukunja tundu la 8 kwa kupuliza. Asiyeweza hilo anajisumbua bure. Likishakutii, lihifadhi umbo la mdomo wako: ulimi umeinuka kwa nyuma, kama mtu anayetaka kutamka "k" bila kuitoa. Sogea tundu la 7, kisha la 6, umbo likiwa lile lile. Mwanzoni utasikia mvumo wa hewa tupu. Usikasirike, hiyo ni dalili njema, maana ulimi wa kwanza umekwisha kunyamaza. Sogeza ulimi wako kidogo tu, mbele au nyuma, mpaka "ta" itokee. Mara nyingi itatokea ikiwa chini kidogo, nawe utaipandisha ukishaizoea.

Jambo moja naomba ulishike: usipulize kwa nguvu. Vijana wengi hudhani sauti ngumu hutolewa kwa mapafu makubwa. Ukifanya hivyo utapata mlio mkali kama wa breki za lori kwenye mteremko, na huenda ukauchosha ulimi wa shaba mpaka ukavunjika. Pumzi ya kupoza uji inatosha.

Tuseme umejaribu wiki tatu na tundu la 6 limekataa kabisa. Hapo ndipo lawama inaweza kuhamia kwenye chombo. Vinanda vingi vya bei nafuu hutoka kiwandani ndimi zake zikiwa zimeinuka mno, ili mtoto apulize kwa nguvu na bado zilie. Ulimi ulioinuka hauzibi haraka, na usipoziba hakuna ovablo.

Kazi ya kuurekebisha ni ya mezani, mchana, penye mwanga. Tafuta bisibisi ndogo kama ya fundi wa saa na kijiti cha meno. Fungua vifuniko viwili. Kama chombo chako kimepigwa misumari badala ya skrubu, kiache kilivyo, utakiharibu. Kisha fungua mabamba yenye ndimi, ukiziweka skrubu kwenye kisahani kwa mpangilio uliozitolea. Bamba la juu lina ndimi za kupuliza, zilizotazama ndani. Bamba la chini lina za kuvuta, zilizotazama nje.

Inua bamba usawa wa macho na uutazame ulimi kwa ubavu. Utaona mwanya kati ya ncha yake na bamba. Kwa ovablo, mwanya huo uwe kama unene wa ulimi wenyewe, si zaidi. Kwa kijiti, ukandamize taratibu uzame kidogo ndani ya nafasi yake, uuachilie, utazame tena. Rudia. Anza na ulimi wa kupuliza wa tundu la 6, kisha ule wa kuvuta wa tundu hilo hilo, kwa sababu huo nao ndio utakaolia. Funga, jaribu, fungua tena. Kisu kikae mbali na meza hiyo.

Ukizidisha utajua mara moja: ukipuliza kidogo tu kwa nguvu, ulimi unakwama na kunyamaza hata kwenye sauti yake ya kawaida. Basi uinue kidogo. Kila mpigaji ana pumzi yake, na hakuna kipimo kimoja kinachomfaa kila mtu. Mpiga litungu wa Bungoma hukaza nyuzi zake akizisikiliza mpaka zipatane na sikio lake. Nawe utafanya hivyo, ila wewe huna uzi wa kukaza, una kipande cha shaba chembamba kisichosamehe haraka.

Sauti yenyewe ikiwa imepotoka, ulimi hukwaruzwa kidogo sana karibu na ncha ili ipande, au karibu na mzizi ili ishuke. Wapo pia wanaosugua kingo za nafasi kwa sarafu ili hewa isivuje. Kama una kinanda kimoja tu ulichonunuliwa na baba baada ya kuomba mwaka mzima, mimi nasema usithubutu. Kajifunzie kwenye kile cha zamani.

Wasomaji wa Kitale wana taabu moja ambayo wa Bungoma hawaijui sana, nayo ni baridi ya asubuhi. Pumzi ya moto ikikutana na shaba baridi hugeuka maji, na ndimi hunata. Kifumbate kinanda viganjani dakika chache, au ukiweke mfuko wa ndani wa koti kabla ya kupiga. Ukimaliza, kigonge kiganjani matundu yakitazama chini, mate yatoke, na ukiache kikauke kabla ya kukirudisha kwenye kikasha. Na msikiazimane kwa mdomo, hata kama ni ndugu.

"Ta" ikishapatikana bila kusitasita, shuka tundu la 5 uitafute "fe". Itachukua siku zaidi kuliko ulivyotarajia. Tundu la 4 liache la mwisho.