Kolwezi: Buletini isingoje siku ya proklamasio

Katika shule za sekondari, Kolwezi kama kwingine Kongo, somo lenye pointi 10 kwa periodi lina pointi 20 kwenye mtihani. Mwanafunzi aliyepata 3 kwa 10 ya hesabu katika periodi ya kwanza bado ana pointi 30 mbele yake muhula huo. Akiambiwa mapema, anajikomboa. Mzazi anayengoja proklamasio ya mwisho wa mwaka anakuta yamekwisha. Baba yuko Kasulo anachimba kobalti, mama yuko sokoni. Sahihi ya buletini, wakati mwingine, kaka mkubwa ndiye anaitia. Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni bure, lakini sekondari inalipiwa, na penye deni buletini hubaki ofisini.