Fahamu: Corona ilivyowabana wagonjwa wa saratani Kenya

Aprili 6, 2020, serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake. Kafyu ya usiku ilikuwa imeanza Machi 27.

Tiba ya mionzi haimaliziki kwa siku moja. Mara nyingi mgonjwa hupigwa mionzi Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, na mashine nyingi zilikuwa Nairobi. Aliyetoka kaunti ya mbali alihitaji ruhusa ya kupita, nauli, mahali pa kulala na mtu wa kumsindikiza.

Waliokuwa kwenye kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, walikuwa na hofu nyingine. Dawa hizo hushusha chembe nyeupe za damu, kinga ikapungua. Homa ikipanda saa sita usiku, huenda ni maambukizi yanayoweza kuua upesi, na mgonjwa anatakiwa hospitalini saa hiyo hiyo. Lakini homa ilikuwa pia dalili ya corona, na barabarani kulikuwa na askari wa kafyu. Familia ingeamua nini? Kwangu mimi, huo ndio uliokuwa mzigo mzito kuliko yote, na haukuzungumzwa vya kutosha.

Marufuku ya Nairobi iliondolewa Julai 2020. Kafyu iliendelea hadi Oktoba 2021.