Mtoto Mchanga na Seli za Mzio

Mama anaweza kupiga chafya mwaka mzima kwa sababu ya vumbi, lakini mtoto wake kwa kawaida huzaliwa bila mzio huo. Anachorithi ni uwezekano wa kuupata. Mzio wenyewe hujengeka baadaye.

Kwa mtu mzima, dalili za mzio huanzishwa na seli za masti, ambazo Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878 akiwa bado mwanafunzi. Hukaa kwenye ngozi, pua, mapafu na utumbo, zikiwa zimejaa kemikali iitwayo histamini. Juu yake hushikamana kingamwili aina ya IgE, ambazo zimeshajifunza kukitambua kitu fulani: karanga, chavua au utitiri wa vumbi. Kitu hicho kikirudi, histamini humwagika ndani ya dakika chache: macho yanawasha, pua inatiririka, kifua kinabana.

Mtoto mchanga anazo seli za masti. Asichonacho ni IgE ya kutosha. Kondo la nyuma humpitishia kingamwili aina ya IgG za mama, zinazomkinga miezi ya mwanzo, ila IgE katika damu ya kitovu huwa kidogo mno.

Hata hivyo, kinga yake imeelemea upande wa mzio kuliko ya mtu mzima. Seli zake za kinga ziitwazo seli T hufuata zaidi njia iitwayo Th2, ileile inayochochea utengenezaji wa IgE, huku njia ya Th1, iliyo kali dhidi ya virusi, ikiwa bado dhaifu. Naamini sababu yake ndiyo ya kustaajabisha kuliko yote: nusu ya vinasaba vya mtoto ni vya baba, na kinga yenye makali tumboni ingehatarisha ujauzito. Baada ya kuzaliwa, bakteria wa utumbo, maambukizi na chakula huirekebisha mizani hiyo polepole.

Chakula kina nguvu kubwa hapa. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 ulifuatilia watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio. Walioanza kula karanga wakiwa na umri wa miezi 4 hadi 11 walipata mzio wa karanga kwa takriban asilimia 80 pungufu walipofika miaka 5, wakilinganishwa na walionyimwa.

Kwa hiyo, mzazi, mtoto akianza chakula cha nyongeza akiwa na miezi 6, usimnyime uji wenye karanga zilizosagwa laini. Karanga nzima zinaweza kumpalia. Ikiwa ana pumu ya ngozi iliyo kali, au chakula chochote kimewahi kumvimbisha, muone daktari kwanza.