Figo Likishindwa, Fahamu Huyumba

Mzee aliyelazwa kwa kisukari na presha jana aliwataja wajukuu wake mmoja mmoja. Leo asubuhi anamwita muuguzi kwa jina la marehemu mkewe, kisha anasinzia kabla hajamaliza kusema. Ndugu zake wanaulizana kama ni uzee au amechezewa. Mwanafunzi wa uuguzi aliye zamu aangalie mambo mawili kwa pamoja: uso wa mgonjwa, na mfuko wa mkojo unaoning'inia kando ya kitanda. Mara nyingi mfuko huo ndio unaoeleza kilichompata kichwani.

Kila figo lina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Mafigo yote mawili huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku. Karibu zote hurudi mwilini, na lita moja hadi mbili tu hutoka kama mkojo, zikiwa zimebeba urea, kreatinini, asidi na chumvi zilizozidi. Mafigo yakishindwa kazi, taka hizo hubaki katika damu, na damu hiyohiyo ndiyo inayopanda kwenye ubongo. Hakuna sumu moja inayobeba lawama yote. Baadhi ya taka huzichokoza seli za neva, nyingine hudhoofisha kemikali zinazozituliza. Ndiyo maana mgonjwa aliyesinzia mchana kutwa anaweza kupata degedege usiku.

Dalili huanza taratibu: usingizi wa mchana na kukosa usingizi usiku, usahaulifu, kwikwi isiyokoma, miguu inayochomachoma na kutotulia kitandani. Kuna kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Mwambie mgonjwa anyooshe mikono na kuinua viganja, kama anayesimamisha gari barabarani, akae hivyo kwa nusu dakika. Ubongo ukiwa umeathirika, viganja huanguka ghafla, huinuka, huanguka tena, kwa kuwa misuli inalegea kwa vipande vya sekunde. Dalili hii huonekana hata kwa mgonjwa wa ini, kwa hiyo haitoshi peke yake. Tena, kabla ya kuhukumu lolote, pima sukari. Figo husaidia kuondoa insulini mwilini. Likichoka, dozi ileile ya kila siku inaweza kumshusha sukari mgonjwa hadi akapoteza fahamu.

Kwamba fahamu iliyopotea kwa sababu ya figo inaweza kurudi, ulimwengu ulilishuhudia mwaka 1945 katika mji wa Kampen, Uholanzi. Daktari Willem Kolff alikuwa ametengeneza mashine ya kusafisha damu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akitumia utando wa selofani uliotumika kufungia soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Kisha akaletwa mwanamke wa miaka 67 aliyezimia kwa kushindwa kwa mafigo. Baada ya saa 11 kwenye mashine, alifumbua macho na kuzungumza.

Hata hivyo, haraka ina hatari yake. Urea ikiondolewa kwenye damu kwa kasi, ile iliyo ndani ya ubongo hubaki nyuma na kuvuta maji, ubongo ukavimba. Kwa hiyo mgonjwa anayeanza kusafishwa damu huanza kwa muda mfupi na kasi ndogo. Akilalamikia kichwa, akatapika au akaanza kuweweseka, muuguzi asingoje kipindi kiishe ndipo aseme.

Uhusiano huu wa figo na mfumo wa fahamu uko wazi pia katika wodi ya wazazi. Mama mwenye kifafa cha mimba hupewa magineziamu salfeti kuzuia degedege. Dawa hiyo hutolewa mwilini na mafigo, na ugonjwa wenyewe huyaumiza mafigo. Ikirundikana, kwanza goti huacha kuruka linapogongwa, halafu pumzi hupungua, mwisho moyo husimama. Basi kabla ya kila dozi ya kuendeleza, muuguzi huhakikisha goti linaitikia, pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri na daktari anaitwa. Kalisiamu glukoneti, dawa ya kupinga magineziamu iliyozidi, iwe karibu.

Katika chati nyingi, mkojo una safu yake na fahamu ina safu yake, na mwanafunzi huzoea kuzijaza kama mambo mawili yasiyojuana. Ziunganishwe wakati wa kukabidhiana zamu: "Kitanda namba sita, mkojo mililita 60 tangu saa sita usiku, kipimo cha fahamu cha Glasgow kimeshuka kutoka 15 hadi 13, sukari ni ya kawaida, viganja vinaangukaanguka." Taarifa ya namna hiyo inampa daktari sababu ya kuja sasa hivi na kuagiza kreatinini na potasiamu, mgonjwa akiwa bado anaweza kuitika akiitwa.