Kanga wa Nyumbani

Kanga ni ndege wa porini. Manyoya yake ni ya kijivu cheusi yenye madoadoa meupe, na utosini ana pembe fupi. Husemwa kwamba nguo ya kanga ilipata jina lake kwa ajili ya madoadoa hayo. Katika nchi ya Kilwa na Lindi, makundi ya kanga hushuka asubuhi katika mashamba ya ufuta na mihogo, wakiparua ardhi na kuokota mbegu na wadudu. Ndugu yake mwenye kishungi, akaaye vichakani, huitwa kororo.

Mtu akimkamata kanga mzima na kumtia tunduni, hapati ndege wa kufuga. Kanga huyo hujipiga kwenye fito mpaka akajiumiza, na siku mlango ukisahauliwa huruka asirudi tena. Isitoshe, sheria hukataza kukamata ndege wa porini bila kibali. Njia iliyo njema ni kununua mayai kwa mtu afugaye kanga, na kumwekea kuku aliyeanza kuatamia.

Kuku huyaatamia kama yake mwenyewe. Lakini mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, na ya kanga kwa siku 26 mpaka 28. Basi yasichanganywe, maana vifaranga vya kuku vikitoka kwanza, mama huondoka navyo, na mayai ya kanga hupoa na kuharibika.

Vifaranga vya kanga hudhurika upesi kwa baridi. Katika majuma ya kwanza visitolewe nje kabla umande haujakauka, navyo vipewe mchwa na nafaka iliyopondwa. Wakiisha kukua, kanga hupenda kulala juu ya mwembe au mkorosho, na wakimwona mwewe au nyoka hupiga kelele mpaka mwenye nyumba atoke.

Lakini yuko adui kuliko mwewe, naye ni mdondo. Ugonjwa huu huweza kumaliza kuku wa kijiji kwa siku chache, na kanga pia huupata. Hauna dawa ya kuuponya; huzuiwa kwa chanjo tu, ambayo kuku hutiwa tone jichoni kila miezi mitatu. Na amwuzaye jirani kuku mgonjwa amemwuzia msiba.

Kanga aliyekamatwa hubaki wa porini. Aliyelelewa humfuata mama yake kuku mpaka uani jua likichwa. Wahenga walisema: Kuzaa si kazi, kazi ni kulea.