Umeme Unaopotea Mara Mbili

Machi 2024 Tanzania ilizima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu gridi ilikuwa na umeme mwingi kuliko matumizi. Miezi michache nyuma tulikuwa kwenye mgao! Ziada ya namna hiyo haikai kwenye waya. Njia kongwe ya kuiweka akiba ni kuitumia usiku wa manane kupandisha maji kwenye bwawa la juu, kisha kuyaachia yashuke jioni watu wakiwasha taa. Afrika Kusini wanafanya hivyo pale Ingula, megawati 1,332, kwa mashine nne ambazo kila moja ni pampu na ni turbaini.

Tuchukue Gungu, kata ya mjini Kigoma, kwa mfano. Mji wa Kigoma tayari hupandisha maji yake ya bomba kutoka Ziwa Tanganyika. Tuseme tumechimba bwawa mita 100 juu ya ziwa. Lita 1,000 zikishuka kimo hicho hubeba uniti 0.27 tu, yaani pasi ya wati 1,000 kwa dakika 16. Ndiyo maana kila upotevu unauma, tena mara mbili, kupanda na kushuka. Mashine yenye ufanisi wa asilimia 90 kila upande hurudisha uniti 81 katika 100. Ifikishe 92, itarudisha karibu 85.

Kazi iko kwenye gurudumu la mapanga. Likizunguka huku linasukuma maji, likigeuka linasukumwa nayo, na umbo linaloifaa pampu haliifai sana turbaini. Wabunifu huanza na pampu, maana ndiyo yenye deko: njia ya maji ikipanuka ghafla, maji huachana na panga na kuanza kujizungusha bure. Kasi nayo ni mgogoro, kwani pampu hutaka mzunguko wa haraka zaidi. Mitambo mingine ya kisasa hubadili kasi kulingana na kazi.

Halafu kuna vipovu vya mvuke vinavyopasuka upande wa kunyonya na kutafuna chuma. Dawa yake ni kuizamisha mashine chini ya usawa wa ziwa, gharama ambayo haikwepeki.

Mimi ningeanza na bomba. Kwa maji yaleyale, ukiongeza kipenyo kwa asilimia 15, nguvu inayoliwa na msuguano hupungua kwa nusu hivi. Bomba jembamba ni rahisi siku ya zabuni tu. Baada ya hapo mradi utalilipia kila usiku kwenye pampu na kila jioni kwenye turbaini.